Shaka Lenye Kipimo

Kila kitu kipya kinapotokea duniani hukuta watu wa namna mbili wakikingoja. Wa kwanza hukipokea kwa vigelegele kabla ya kukitazama. Wa pili hukifukuza kwa mawe kabla ya kukitazama. Makundi haya hugombana sana, ijapokuwa kosa lao ni moja. Baina yao husimama mtu wa tatu, ambaye aghalabu hulaumiwa na pande zote mbili, kwa kuwa yeye husema, "Nionyesheni kwanza." Katika insha hii twataka kuhakiki maandishi ya mtu wa namna hiyo, tupime shaka lake lilikuwa na nguvu gani na lilipungukiwa na nini.

Mtu huyo ni Richard Feynman, mtaalamu wa fizikia wa Marekani, aliyekuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1965. Maandishi yenyewe ni nyongeza fupi iliyotiwa katika taarifa ya tume ya serikali ya mwaka 1986. Asubuhi ya tarehe 28 Januari mwaka huo, chombo cha anga kilichoitwa Challenger kilirushwa kutoka Florida kikiwa na watu 7, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Baada ya sekunde 73 kilivunjika hewani, na hakuna aliyeokoka. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za ubavuni walikuwa wameonya kwamba baridi ilikuwa kali mno kwa pete za mpira zilizoziba viungo vya roketi hizo. Walisikilizwa, wakabishiwa, kisha wakubwa wao wakatoa ruhusa.

Rais Reagan aliunda tume chini ya William Rogers, na Feynman akawa mjumbe. Katika baraza la wazi alibana kipande cha mpira ule, akakitia katika bilauri ya maji ya barafu, akakitoa, akawaonyesha watu kwamba mpira uliopatwa na baridi haurudi upesi katika umbo lake. Jambo lililofichika katika maneno mengi likaonekana katika bilauri moja. Ndiyo tabia ya maandishi yake pia.

Hoja yake kubwa ni ya hesabu. Aliuliza hatari ya chombo kupotea ni kiasi gani. Wahandisi waliokishika kwa mikono yao walikisia mara 1 katika safari 100. Wakubwa waliokaa ofisini walisema mara 1 katika safari 100,000. Feynman hakutukana mtu. Aliichukua nambari ya wakubwa akaieleza kwa namna ambayo kila mtu aweza kuiona: kama ni kweli, basi chombo kingeweza kurushwa kila siku kwa muda wa miaka karibu 300, na kikapotea kimoja tu. Msomaji hahitaji kuambiwa kwamba ahadi hiyo ni kubwa kupita kiasi, anajua mwenyewe. Huu ndio uzuri wa kwanza wa uandishi wake: humpa msomaji mizani, kisha humwacha apime.

Uzuri wa pili ni jinsi anavyofichua hila ambayo mtu hujifanyia mwenyewe bila kujua. Katika safari zilizotangulia, pete zile zilikuwa zimeonekana zimeliwa na gesi ya moto. Hiyo ilikuwa dalili ya hatari. Lakini kwa kuwa vyombo vilirudi salama, dalili ile ikageuzwa ushahidi wa usalama, na kila safari iliyofanikiwa ikazidi kulegeza masharti. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakubwa wale waliuona ufa, wakauzoea, na kuzoea kwao wakakuita ujuzi.

Uzuri wa tatu ni uadilifu. Feynman alipofika kwa watu waliokagua programu za kompyuta za chombo kile, aliwasifu, maana aliona kwamba walijaribu kwa bidii kutafuta makosa katika kazi yao wenyewe. Mtu mwenye kinyongo hawezi kusifu. Mwenye shaka la haki husifu palipo na ushahidi kama anavyolaumu pasipo na ushahidi.

Wakati ulitoa hukumu. Vyombo vya namna ile viliruka mara 135 hadi mwaka 2011, na viwili vikapotea pamoja na watu 14. Hiyo ni mara 1 katika safari zisizofika 70.

Hata hivyo, nyongeza hii ina upungufu, nao si mdogo. Feynman aandika kana kwamba ukweli ukiisha kusemwa vizuri utajilinda wenyewe. Awausia watawala wauweke ukweli mbele ya sifa, nao ni wosia mwema. Lakini wosia hukaa moyoni, na mioyo hubadilika. Mapendekezo ya usimamizi hatuna budi kuyatafuta katika taarifa kuu. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha pili, Columbia, kilivunjika kikirudi duniani, kwa kuwa kipande cha povu gumu kilichobanduka katika tangi kilikuwa kimeupiga ubawa wake wakati wa kuruka. Povu lilikuwa limebanduka katika safari nyingine zilizotangulia, likazoewa kama pete zilivyozoewa. Ukweli ulikuwa umeandikwa miaka 17 kabla. Mwenye kuusimamia kila siku ndiye aliyekosekana.

Siku hizi swali hili limeshuka kutoka angani hadi barabarani. Zipo motokaa zenye mtambo wa kumsaidia dreva, unaoshika njia na kupima nafasi ya gari lililo mbele, huku dreva akitakiwa aendelee kuangalia. Kampuni ya Tesla iliuita mtambo wake Autopilot, yaani rubani ajiendeshaye. Tarehe 7 Mei 2016, huko Florida, gari lililokuwa likitumia mtambo huo liligonga lori lililokuwa likikata barabara, na dreva wa gari akafa. Mwaka 2017 ofisi ya serikali yenye madaraka juu ya usalama wa magari ilifunga uchunguzi wake bila kuona kasoro. Ofisi nyingine, yenye kazi ya kuchunguza ajali bila uwezo wa kuamuru, ilisema kwamba dreva wa lori hakutoa nafasi, kwamba mwenzake aliutegemea mtambo kupita kiasi, na kwamba mtambo wenyewe ulimruhusu aache kuangalia kwa muda mrefu. Mwezi wa Desemba 2023 ndipo magari yapatayo milioni 2 yalipotakiwa yarekebishwe ili yamwonye dreva zaidi. Miaka 7 ilikuwa imepita. Jina lenye kuahidi kuliko uwezo wa mtambo ni ndugu wa ile nambari ya mara 1 katika 100,000.

Watengenezaji hujibu kwamba mwanadamu mwenyewe ni dreva mbaya. Neno hilo lina haki ya kusikilizwa, hasa kwetu Kenya, ambako mwaka 2023 watu zaidi ya 4,000 walikufa barabarani. Anayekataa kila mtambo mpya aweza kuwa anakataa uhai wa mtu. Basi na mtambo upimwe, kipimo kiwekwe wazi, na awepo msimamizi mwenye nguvu ya kusema "Simama." Msimamizi naye aulizwe, kwa maana tumeona kwamba ofisi mbili za serikali moja ziliitazama ajali moja zikaona tofauti.

Labda msomaji atasema hayo ni mambo ya Florida. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo karibu 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba ilionekana kuwa kipande cha roketi. Kwa bahati haikumwangukia mtu. Watu wa Mukuku hawakupanda roketi ile wala hawakuulizwa ilipojengwa, lakini hatari yake ilikuwa juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo haki ya kuuliza ni ya kila anayeweza kuangukiwa.

Ewe kijana usomaye, utakapoonyeshwa chombo kipya, usikipigie vigelegele wala usikirushie mawe. Uliza nani amekipima, nani anapata faida kipimo kikisifiwa, na nani ana uwezo wa kukisimamisha. Feynman alitufundisha maswali mawili ya kwanza. La tatu alituachia sisi.