Susa ya Kusudi na Susa ya Ajali

Isiolo mjini maziwa ya ngamia yaliyochachuka huuzwa kwa jina moja, susa, lakini ndani ya mitungi hiyo mna vitu viwili. Kuna susa iliyokusudiwa tangu ngamia anakamuliwa. Kuna pia maziwa yaliyotakiwa kufika Eastleigh, Nairobi, yakiwa mabichi, yakachachia njiani kutoka Kulamawe au kwingineko malishoni, na sasa yanauzwa kwa bei ya chini ili yasimwagwe. Haya ya pili si wizi. Ila ukiyanywa ukadhani umeonja susa, umeionea susa.

Anza na chombo. Kibuyu cha susa hufukizwa: kijiti cha ejersa, mzeituni mwitu wa Waborana, huchomwa hadi ncha yake iwe kaa, kikaingizwa ndani, kibuyu kikafunikwa na kutikiswa, kisha masizi yakapanguswa. Moshi huo huzima vijidudu vingi vya ovyo, na vile vinavyotengeneza asidi vinapata nafasi ya kufanya kazi yao kwa siku moja au mbili katika joto la kawaida la nyumba. Kwa Wajapani na Wavietinamu kazi hiyo hufanywa na chumvi. Nuoc mam, mchuzi wa samaki wa kisiwa cha Phu Quoc, hutokana na dagaa waliolazwa na chumvi nyingi katika mapipa ya mbao kwa takriban mwaka mzima. Maziwa yakitiwa chumvi kiasi hicho nani atayanywa? Kaskazini mwa Kenya mlinzi ni moshi.

Kwa hiyo nusa kabla ya kuonja. Harufu ya moshi ije kwanza, nyepesi, halafu ipishe uchachu. Chembe nyeusi chache hazinisumbui; zikikwaruza ulimi, aliyepangusa alikuwa na haraka. Jerikeni ya plastiki iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia naikwepa hata ikiwa imefukizwa: mikwaruzo ya ndani huficha uchafu ambao maji na brashi haviufikii. Mkebe wa alumini husafishika vizuri, nao sina ugomvi nao.

Wengi hukosea kwenye uzito. Aliyezoea mala ya ng'ombe hutaka susa inayokatika kwa kijiko, na asipoipata huanza kumshuku mama aliyemuuzia. Maziwa ya ngamia yana kiasi kidogo cha kapa-kasini, protini inayosaidia maziwa kugandamana, kwa hiyo susa halisi humiminika na vipande vyake ni laini, vidogo. Ikiwa imeganda imara, hapo ndipo pa kuuliza kama ng'ombe au mbuzi amechangia. Tazama na rangi: mafuta ya ngamia ni meupe, kwa hiyo umanjano wowote ni wa kuuliziwa.

Wepesi wa kiangazi nao usikupe haraka ya kusema maji yametiwa. Watafiti waliowanyima ngamia maji waliona maji ndani ya maziwa yakipanda kutoka takriban asilimia 87 hadi 91; mwili wa ngamia mwenye kiu humpa ndama kinywaji kabla ya chakula. Muulize muuzaji mifugo inakunywa wapi msimu huu. Anayejua kundi lake hujibu bila kusita.

Sasa onja. Uchachu ulio sawa, uchumvi mdogo unaotokana na majani ya malishoni, na moshi unaobaki kooni: hiyo ni susa ya kusudi. Ya ajali huuma mbele ya ulimi kisha inapotea, au inaacha uchungu. Mchonyoto mdogo wa hamira ni halali, mimi naupenda hasa. Mtungi uliovimba, au maziwa yanayovutika kama ute, yaache.

Uchachu hauhakikishi kwamba bakteria wa bruselosi wamekufa, na maziwa ya susa ya kibuyu kwa kawaida hayachemshwi. Wapo wanaoyachemsha kwanza, wakayapoza na kuyatia mbegu ya mala. Susa hiyo imepooza kidogo, na mzee wa Kiborana huenda akaisukuma kando. Mjamzito na mtoto ningewapa hiyo, na kibuyu ningekiweka upande wangu wa meza.