Saa ya Pembe Nne

Saa ya mkono ya mraba, yenye kasha la seramiki na mtambo unaojijaza wenyewe, ni kazi ya mafundi waliochagua njia ngumu mara tatu. Duara ni rahisi kuliko mraba. Chuma hutii kuliko seramiki. Betri haina usumbufu wa springi. Uzuri wa saa hiyo umo katika ukaidi huo.

Seramiki ya saa si udongo wa mtungi, lakini mfinyanzi wa Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, angeitambua tabia yake. Unga laini wa oksidi ya zirkoni huchanganywa na gundi, ukasukumwa ndani ya kalibu, kisha ukachomwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,400 za Selsiasi. Gundi huungua, chembe hushikamana, na kasha hunywea kwa karibu moja ya tano ya urefu wake. Fundi hulifinyanga kubwa akijua litarudi ndogo, kama mfinyanzi anavyokadiria chungu kibichi kabla ya kukianika. Ila chungu ni mviringo, hunywea sawasawa pande zote. Kwenye mraba mkazo mwingi hukimbilia pembeni, na ufa hupenda pembe. Kasha likitoka salama tanurini, husuguliwa kwa vumbi la almasi, maana tupa ya chuma hulitelezea tu.

Hata Biharamulo, jirani ya Ngara, si ugenini kwa kazi za moto. Wahunzi Warongo waliyeyusha chuma huko kwa mivukuto na makaa, mpaka majembe ya viwandani yalipowanyang'anya soko. Nao walijua kwamba tanuri halisamehi haraka.

Umbo la mraba lina historia yake. Mwaka 1904 Louis Cartier alimtengenezea rubani Alberto Santos-Dumont saa ya mraba ya kuvaa mkononi. Mwaka 1969 Heuer walitoa Monaco, saa ya mraba inayojijaza na kuzuia maji. Hilo la maji si dogo: mpira wa kuzuia maji ulio duara hubanwa sawasawa, wa mraba hulegea kwenye kona. Seramiki ilishika nafasi katika makasha na mikanda kuanzia miaka ya 1980, na mwaka 2020 Rado walileta True Square, ambayo kasha lake la mraba hutoka kalibuni likiwa kipande kimoja. Mtambo wa ndani, hata hivyo, umebaki duara. Pembe nne ni za macho tu.

Mtambo huo hauhitaji kutiwa ufunguo kila asubuhi. Kipande kizito cha chuma, mfano wa nusu ya sahani, huzunguka mkono unapotikisika na kukaza springi kuu. Nguvu hupita kwenye magurudumu hadi gurudumu la mizani, linalokwenda na kurudi likiongozwa na springi nyembamba kama unywele. Zamani springi hiyo ilikuwa ya chuma cha kawaida, na joto la mchana liliichelewesha saa. Charles Édouard Guillaume, Mswisi, aligundua aloi za chuma na nikeli zisizoyumbishwa na joto, akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920. Springi nyingi za leo bado hutegemea uzao wa aloi hizo.

Hapo ndipo Ngara inapoingia. Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi, pana mojawapo ya akiba kubwa za nikeli duniani ambazo bado hazijachimbwa kwa wingi. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania iliingia mkataba wa kuiendeleza, nayo ikibaki na hisa asilimia 16. Madini hayo hayo ni adui wa ngozi za watu wengi. Chuma cha pua cha saa huwa na nikeli ya asilimia 10 hivi au zaidi, na jasho likiigusa, wengine huwashwa na kutoka vipele. Seramiki haina nikeli. Basi saa hii huiondoa kwenye ngozi na kuiweka moyoni.

Sifa nyingine huonekana barabarani, kati ya Lusahunga ya Biharamulo na Rusumo ya Ngara, malori yanapotimua vumbi jekundu. Vumbi hilo lina chembe za mchanga zinazokwaruza chuma cha pua. Saa ya dereva hufubaa kabla ya tairi zake kwisha. Seramiki hubaki inang'aa. Hasara yake ni moja, nayo ni kubwa: ikianguka kwenye sakafu ya saruji, pembe yaweza kumeguka, na hakuna fundi wa kuichomelea. Hubadilishwa kasha zima.

Barabara hiyo huvuka pia mpaka wa majira. Majira ya Tanzania hufuata mstari wa longitudo ulio mashariki mno kwa Ngara, hivyo jua hufika katikati ya anga huko karibu saa saba, si saa sita. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, saa za Rwanda ziko nyuma kwa saa moja. Mvaaji anayevuka huvuta kifundo cha pembeni, akarudisha mshale wa dakika mzunguko mmoja.