Mikono Ile ya Kunduchi

Mwanamke ameketi kati ya mafungu ya mawe. Mkono mmoja umeshika jiwe, mwingine nyundo. Anagonga, anageuza, anagonga tena, mpaka jiwe liwe kokoto za kujengea nyumba ambayo huenda yeye asifike hata barazani kwake.

Hapo ni machimboni Kunduchi, Kinondoni, Dar es Salaam. Anayetuonyesha ni Flora M'mbugu-Schelling katika These Hands, filamu ya dakika 45 iliyotoka mwaka 1992. Wengi wa akina mama wale walikuwa wakimbizi walioikimbia vita ya Msumbiji. Mtengeneza filamu mwingine angeweka sauti ya msimulizi ya kutufundisha namna ya kuwahurumia. Flora hakuweka. Aliziachia nyundo na nyimbo zao zizungumze, akatulia nao hadi mtazamaji, aliyekuja kuona umaskini, aanze kuona ustadi: jicho linalojua jiwe litapasukia wapi, mkono unaokwepa nyundo bila kutazama.

Ufundi huo wa filamu ni wa subira, na kuna mtengeneza filamu mwingine aliyeingia nao bungeni.

Selma Baccar wa Tunisia, mzaliwa wa 1945, alitengeneza filamu ya Fatma 75 mwaka 1975, Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake. Mwanafunzi anaandaa mada juu ya wanawake katika historia ya nchi yake, na kila anapofukua anakuta waliodai haki zao zamani. Simulizi rasmi lilimtaja Rais Bourguiba kuwa ndiye mkombozi wa mwanamke. Filamu, iliyokwenda kinyume na simulizi hilo, ikapigwa marufuku.

Mwaka 2011, baada ya Rais Ben Ali kung'olewa, Baccar alichaguliwa kuingia Bunge la Katiba. Mwaka uliofuata rasimu ya katiba ikaja na kifungu kilichomwelezea mwanamke kama mtu wa kumkamilisha mwanamume. Wanawake wakaandamana, na bungeni Baccar akawa miongoni mwa waliokipinga. Katiba ya Januari 2014 ikatamka kwamba raia wote, wake kwa waume, wana haki sawa. Aliyezoea kuuliza nani hayumo kwenye picha alikuwa sasa anauliza nani hayumo kwenye kifungu.

Kokoto za Kunduchi za miaka ile zimeshazama katika misingi na nguzo za Dar es Salaam. Hakuna awezaye kusema ipi ilipondwa na nani. Katika zile dakika 45, mikono bado inagonga.