Huyo "Mwingine" ni Nani?

Utafiti wa William Kelley na wenzake wa mwaka 2002 hutajwa mara kwa mara kuwa ushahidi kwamba ubongo una mahali pake pa kushughulikia nafsi. Mimi naona unabebeshwa mzigo kuliko uwezo wake, na sisi wanafunzi wa fasihi tuukague kabla ya kuuazima.

Njia yao ni rahisi. Washiriki walilala ndani ya mashine ya MRI huko Marekani, wakaonyeshwa vivumishi vya tabia kimoja kimoja. Mara waliulizwa kama neno linawaeleza wao. Mara kama linamweleza George Bush, rais wao wa wakati huo. Mara kama limeandikwa kwa herufi kubwa au ndogo. Mashine hiyo haisomi mawazo. Hufuata mabadiliko ya oksijeni katika damu, na kutokana nayo watafiti hukadiria ni sehemu ipi imefanya kazi zaidi. Sehemu ya mbele ya ubongo, katikati, nyuma ya paji la uso, ilitofautisha swali la nafsi na swali la Bush. Cha ajabu, haikuwaka kama taa, jinsi magazeti yanavyopenda kusema. Ilishuka chini ya kiwango chake cha mapumziko, ila kwa swali la nafsi ilishuka kidogo zaidi kuliko kwa mengine. Marcus Raichle na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2001 kwamba sehemu hiyo ni kati ya zile zinazochangamka tukiwa hatuna kazi maalumu.

Lakini mbona Bush? Rais ni mtu tunayemjua kwa picha na hotuba. Kilichopimwa ni umbali kati ya mtu na rais wake, nasi tunauita umbali kati ya "mimi" na "mwingine". Ying Zhu na wenzake, mwaka 2007, waliuliza kuhusu mama pia. Kwa wanafunzi wa Kichina, sehemu ileile iliitikia nafsi na mama. Kwa wanafunzi wa nchi za Magharibi iliitikia nafsi tu. Hapo wapo watakaorukia kusema: basi Mwafrika naye, kwa ujamaa wake, yuko upande wa Wachina. Sikubali. Makundi yale yalikuwa madogo, na wanafunzi wachache wa China hawawezi kumsemea bibi yangu wa Mbarara.

Sarufi yetu huita mimi, wewe na yeye kwa jina moja: nafsi. Hiyo si hoja ya sayansi ya ubongo, lakini hunifanya nishuku majaribio yenye masanduku mawili tu. Chukua Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1974. Msimulizi, Kazimoto, anasema "mimi" nami nasoma "mimi", nikijua si mimi. Kuna kurasa ninazomchukia, na kuna kurasa ambazo namtetea kabla sijajiuliza kwa nini. Ningeulizwa ndani ya mashine kama neno "mwenye kiburi" linanieleza mimi au linamweleza yeye, ningebonyeza kitufe, maana kitufe lazima kibonyezwe. Jibu lingerekodiwa. Kule kusitasita kabla ya kubonyeza, ambako ndiko kusoma kwenyewe, sijui kungewekwa sanduku gani.