Hadithi Zetu Bado Zinamjibu Afisa

Jumamosi mbili kila mwezi tunakutana watu kama tisa hapa Old Kampala, katika chumba cha nyuma cha kanisa dogo, chini kidogo ya msikiti wa Gaddafi. Hakuna kati yetu anayelipwa kwa kuandika. Kuna dada anayetembeza vitenge, kuna kinyozi, kuna mama aliyekuwa mwalimu kule Uvira, kuna vijana wawili ambao bado wako shule, na wengine. Mimi nafanya kazi na vijana na niliishia sekondari, kwa hiyo msinisome kama profesa. Kila mmoja wetu ana hadithi ya kubuni anayoiandika, wengi kwenye simu, wachache kwenye daftari. Tunasomeana, halafu tunabishana mpaka mwenye funguo anakuja kusimama mlangoni.

Wahariri wa jarida hili waliniomba nieleze hadithi hizo zikoje na nini kinatushinda. Nilidhani nitaandika juu ya simu kuzima na bando kuisha. Hayo yapo. Ila nilipokaa na kusoma tena hadithi kumi na moja ambazo wenzangu wamenitumia, nikaona tatizo ni lingine, na mimi mwenyewe nimo. Karibu zote zimeandikwa kana kwamba msomaji amekaa nyuma ya meza, ana faili mbele yake, na anangoja tukosee.

Tuanze na hadithi ya kinyozi. Ukurasa wa kwanza mhusika anataja jina lake lote, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, mkoa, jina la baba na la mama. Kisha vita, na tarehe yake. Kisha barabara: Bunagana, Kisoro, basi, Kampala. Sasa, huyu kinyozi ni mtu wa kuchekesha sana. Ukikaa kwenye kiti chake unaogopa atakukata sikio kwa sababu anacheka mwenyewe kabla hajamaliza kusimulia. Lakini katika hadithi yake hakuna hata mtu mmoja anayetabasamu. Nilimwuliza kwa nini ameanza na mwaka wa kuzaliwa. Akasema: "Sijuwe, njo vile inaanzaka."

Na kweli ndivyo inavyoanza. Kwa miaka mingi mkimbizi akifika Kampala alianza kujiandikisha polisi ya Old Kampala, mtaa huuhuu tunaokutania. Baadaye kuna mahojiano ya kuomba hadhi ya ukimbizi. Ukiugua, unaeleza tena. Ukiomba ada ya mtoto, unaeleza tena. Ukipata bahati ya kufikiriwa kwenda nchi ya tatu, ndiyo unaeleza mpaka koo linakauka. Kila mara hadithi ni ileile, na lazima ibaki ileile. Simlaumu anayeuliza. Nchi yenye wakimbizi zaidi ya milioni 1.5 haiwezi kuandikisha watu bila kuwauliza. Ninachosema ni kwamba huko ndiko wengi wetu tulikojifunza kusimulia.

Fomu inataka tarehe. Inataka mambo yafuatane. Inataka mtu mmoja aliyeonewa na mwingine aliyemwonea. Haina nafasi ya kuandika kwamba siku ya kukimbia ulirudi ndani kuchukua redio, au kwamba asubuhi ile ulikuwa umegombana na mke wako na hamkuwa mnaongea. Lakini hadithi inaishi kwa mambo kama hayo. Msomaji anaikumbuka redio. Tarehe anaisahau.

Hadithi yangu mimi ndiyo mbaya kuliko zote katika jambo hili. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilimkalimania mama yangu kwenye ofisi moja, kwa sababu hakujua Kiingereza na mkalimani hakuja. Mama alisema tulikimbia siku ya Alhamisi. Kwenye karatasi ya mwanzo ilikuwa imeandikwa Jumatano. Yule mtu aliweka kalamu chini akatuangalia. Hakusema neno baya, aliweka kalamu tu. Usiku ule, kwenye muzigo wetu, nilimfundisha mama Jumatano mpaka akalia. Leo nina miaka ishirini na kitu, naandika riwaya ya kijana anayetafuta ndugu yake, na kila sura inaanza kwa kutaja siku. Jumatatu. Ijumaa. Mvuvi wangu, kando ya ziwa Tanganyika, anajua siku ya wiki kuliko saa ya mkononi. Wenzangu walikuwa wananiambia kitabu kinachosha, na nilikuwa nawakasirikia.

Kilichonifungua macho ni kitabu nilichokopeshwa na dada mmoja wa shirika. Kinaitwa By the Sea, cha mwaka 2001, kimeandikwa na Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyekwenda Uingereza akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964, na aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Kiingereza chake kilinipeleka polepole, na kamusi pembeni. Mzee anaitwa Saleh Omar anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi. Pasipoti yake ina jina la mtu mwingine, na ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, wakati anakijua vizuri sana. Afisa anapekua mzigo wake na kumchukulia kijisanduku cha udi. Mzee ananyamaza.

Nilisoma ukurasa ule nikaufunga mlango. Niliona kama nimekamatwa mimi. Mkimbizi anayedanganya, kwenye kitabu, mchana kweupe! Halafu mambo yanazidi: jina lile alilolichukua ni la mtu ambaye zamani nyumba yake ilimwangukia yeye Saleh Omar mikononi, kwa deni lenye maneno mengi. Na mtoto wa yule mtu yuko Uingereza. Wanakutana, wanakaa, wanasimuliana yaliyopita, kila mmoja na upande wake, na pande hizo hazilingani. Mbele ya afisa hadithi mbili zisizolingana zingeangusha kesi. Katika riwaya hii ndizo zinazokubakiza usiku unasoma. Na ajabu yake ni kwamba nilipomaliza sikumhurumia Saleh Omar kidogo. Nilimhurumia zaidi, maana nilikuwa nimemjua.

Kati ya hadithi zetu iko moja inayokaribia hapo, nayo ni ya dada wa vitenge. Mhusika wake anauza vitenge mtaa kwa mtaa, anaapa vimetoka Kongo, kumbe amevinunua Kikuubo asubuhi ileile. Kodi imemshinda. Anamwambia mama mwenye nyumba kwamba mume wake amekufa, ili aongezewe muda. Mama mwenye nyumba ni Mganda wa kizazi cha zamani, mwenye kufuata desturi. Jioni anakuja na mabugo, zile pesa za rambirambi, ameziweka vizuri kwenye bahasha. Anabisha mlango. Anayefungua ni marehemu, amevaa singlendi, ametoka usingizini.

Tulicheka mpaka mtu akatoka nje. Halafu mama mwalimu akasema kwa upole: "Mwanangu, ni nzuri. Lakini usiipeleke kwenye jarida. Watu wa mashirika watasema wajane wetu wote wana waume." Chumba kikapoa. Dada mwingine, ambaye kesi yake haijajibiwa, akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: kama ataandika "mimi" kwenye hadithi ya kubuni, na mtu wa ofisini akaisoma, si wataichukua kama maelezo yake?

Siwezi kuita hofu hiyo upuuzi. Mama mwalimu ameona mengi kuliko mimi, na akisema watu wanatuhesabu kwa kosa la mmoja, hasemi uongo. Kwa hofu ya yule dada wa kesi, tumekubaliana mambo ya kawaida tu: juu ya kila hadithi iandikwe "hadithi ya kubuni", mwenye kutaka jina la kubuni apewe, na mwenye kesi inayoendelea aandike "yeye" badala ya "mimi" kwa sasa. Ni kinga ndogo, lakini inamsaidia mtu kushika kalamu.

Kwa hofu ya mama mwalimu, nabisha, kwa heshima. Tukiandika wakimbizi wasio na doa, tunamfundisha msomaji kutupenda kwa sharti hilo. Siku atakapokutana na mkimbizi mlevi, au mkali, au mwongo wa kodi kama waongo wa kodi walivyo kila mtaa wa Kampala, ataona ametapeliwa. Mwanamke wa vitenge anadanganya kwa sababu ya kodi, na ukimsoma unaijua kodi ile, unaujua mlango ule, unajua aibu yake akiiona bahasha. Hakuna ripoti iliyonifanya niione kodi ya Kampala namna hiyo, na mimi nailipa.

Ila hadithi yenyewe ina kasoro, na nilimwambia. Ukurasa wa mwisho anaungama, anasamehewa, halafu shirika linakuja na mtaji, anafungua duka. Hapo tumerudi kwenye fomu, ile sehemu ya chini inayouliza unahitaji msaada gani. Nilimshauri aukate ukurasa huo. Tumwache na mama mwenye nyumba mlangoni, bahasha mkononi, na mume hajui kama yeye ni marehemu. Bado anafikiria.

Jambo la pili linalotushinda ni midomo ya wahusika. Wengi tulisoma kwa Kifaransa, tukaendelea kwa Kiingereza, tunapigana kwa Kiswahili cha Kivu, na sokoni tunanunua kwa Luganda. Mama mwalimu anaandika Kiswahili safi, lakini mpagazi wake wa Bukavu anaongea kama taarifa ya habari. Vijana wa shule wanaandika Kiingereza, na bibi zao kwenye hadithi wanaongea kama vitabu vya mtihani. Mimi nasema mpagazi aongee kama mpagazi. Na mkumbuke kwamba kwa wazee wengi hapa Buganda Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Mhusika wako akibisha mlango na kusema "hodi", yeye anasikia adabu, mwenye nyumba huenda anasikia buti. Hiyo ni hadithi tayari.

Wasiwasi huu wa lugha si wetu peke yetu. Juni 1962, kwenye kilima cha jirani cha Makerere, walikutana waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, Ngũgĩ alikuwepo akiwa bado mwanafunzi. Shaaban Robert, na vitabu vyake vyote vya Kiswahili, hakuwa na nafasi katika mkutano wa namna hiyo. Alifariki mwezi uleule. Ngũgĩ alilikumbusha jambo hilo baadaye, na kwa uchungu. Mimi nalichukua hivi: kama Kiswahili cha Shaaban Robert kilikosa kiti, basi cha mpagazi wa Bukavu tusisubiri kialikwe.

La tatu nalipita haraka: hatumalizi. Mkimbizi wa mjini anajitafutia mwenyewe chakula na kodi, na Jumamosi ya kusoma ni Jumamosi ya kutouza. Mwenzetu mmoja alikuwa na riwaya nzuri, sura ya sita watu wake wako kwenye basi, wamepita Mbarara. Akapata ndege, akaenda. Nilimwuliza kwenye WhatsApp riwaya ikoje. Akajibu kuna baridi. Abiria wake bado wako kwenye basi.

Ndugu zangu mlio Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja, nina ombi. Mkiandika, ruka kabisa mwaka wa kuzaliwa na barabara ya kuja. Anza na kitu ambacho hakuna ofisi iliwahi kukuuliza: nani alikuwa anapika vibaya nyumbani kwenu, nani alikudai, nani ulimpenda na hakujua. Mtupelekee, tutasoma Jumamosi.

Nanyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tunajua mnasoma jarida hili na tunawashukuru. Mkituandalia warsha ya uandishi, msitupe tena ile mada ya "safari yangu". Tumeshaiandika, iko kwenye mafaili yenu. Na mkisoma hadithi yetu, swali la kwanza lisiwe kama ni kweli. Ulizeni kwa nini mwanamke yule hakufunga mlango.

Mimi nimeanza upya sura ya kwanza. Nimefuta majina ya siku zote. Kijana wangu na mama yake wanabishana kwenye mtumbwi: yeye anasema walitoka Jumatano, mama anasema Alhamisi, mvuvi anawaambia wanyamaze wanaleta upepo. Hakuna anayeshinda. Juzi usiku nilimsomea mama yangu kipande hicho. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema, "Lakini ilikuwa Jumanne."

Jumamosi ijayo nitawasomea wenzangu.