Pongezi kwa Wanaoanzia Nyuma

Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1954, uwanja wa New Cross, kusini-mashariki mwa London, uliandaa mbio za kwanza za stoka nchini Uingereza. Stoka ni magari yenye mabampa ya chuma, na kumsukuma mpinzani ili upite ni halali kabisa.

Nawapongeza waliobuni madaraja ya mbio hizi. Dereva mgeni hupaka paa la gari lake rangi nyeupe. Akikusanya pointi hupanda: njano, buluu, kisha nyekundu, na juu yake wapo manyota. Matokeo yakishuka, naye hushuka. Na hapa ndipo penye uzuri wenyewe: wenye mapaa meupe huanzia mbele, manyota huanzia nyuma ya msururu wote, hivyo bingwa hana budi kupenya katikati ya watu. Michezo mingi humpa mwenye nguvu nafasi ya mbele. Huu humpa kazi zaidi.

Bingwa wa pointi za msimu huvaa paa la fedha. Bingwa wa dunia hupewa la dhahabu, na John Lund alilitwaa mara nane.

Huko London, uwanja wa Wimbledon ulifanya mbio zake za mwisho za stoka Machi 2017, kisha ukabomolewa. Leo pana uwanja wa mpira na nyumba. London imepoteza kitu cha thamani. Ukiwa Uingereza, nenda katika viwanja vya mikoani, na uyatazame mapaa mekundu yakitokea nyuma.