Mapenzi Yanayopimwa kwa Nyuzijoto

Riwaya ya Maggie Stiefvater iitwayo Shiver ilitoka Marekani mwaka 2009, na ilitoka wakati mgumu. Miaka minne kabla yake, Twilight ya Stephenie Meyer ilikuwa imefungulia mafuriko ya riwaya za vijana zenye wanyonya damu warembo na wasichana waliopagawa kwa mapenzi. Msomaji aliyechoshwa na mafuriko hayo, akisoma kwamba hapa msichana wa miaka 17 anampenda mbwa mwitu, angekirudisha kitabu rafuni bila kusita. Angejinyima riwaya iliyoundwa kwa ustadi wa hali ya juu.

Kisa kinatokea Mercy Falls, mji wa kubuni katika jimbo la Minnesota. Grace alipokuwa mtoto, mbwa mwitu walimburuta kutoka kwenye bembea nyuma ya nyumba yao, na mmoja wao, mwenye macho ya manjano, akamwokoa. Tangu hapo kila majira ya baridi msichana humtazama mnyama huyo pembezoni mwa msitu. Mnyama huyo ni Sam, kijana anayegeuka mbwa mwitu.

Mwezi mpevu, ambao katika visa vingi vya Ulaya na Marekani ndio humgeuza mtu kuwa mbwa mwitu, Stiefvater ameuacha. Kwake kinachogeuza ni baridi. Joto likipanda, watu kama Sam hurudia ubinadamu. Likishuka, huota manyoya. Kila mwaka siku zao za utu hupungua, hadi ufike mwaka ambao mtu harudi tena. Sam anaamini kwamba wake umefika.

Kanuni hiyo moja ndiyo inayoibeba riwaya nzima. Juu ya kila sura limeandikwa jina la anayesimulia, Grace au Sam, na chini yake kiwango cha joto kwa nyuzi za Farenhaiti. Mwanzoni msomaji huipita namba ile kama pambo. Baada ya sura kadhaa, jicho huikimbilia kabla ya sentensi ya kwanza, na namba ikiwa ndogo moyo hupiga. Dirisha lililo wazi, hita ya gari, koti lililosahauliwa: vitu vya kila siku vinatosha kutia hofu, na mwandishi hahitaji jitu la kutisha.

Msomaji wa Kiswahili hashangai mtu kugeuka mnyama. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ndugu wa Adili waligeuzwa manyani kwa ubaya wao. Kule unyama ni adhabu. Huku hakuna aliyekosa, kwani Sam aligeuka kwa kung'atwa na mbwa mwitu akiwa mtoto mdogo. Anachokiogopa ni kupotewa na maneno. Ni kijana wa vitabu, anafanya kazi katika duka la vitabu, anamsoma mshairi Rilke, anatunga nyimbo kichwani. Stiefvater amempa kipaji kilekile ambacho baridi itamnyang'anya, na hapo ndipo mapenzi haya yanapopata uzito ambao riwaya nyingi za aina hii hazina.

Kasoro ipo. Wazazi wa Grace ni wazembe kupita kiasi: Sam analala chumbani kwa binti yao bila wao kujua. Lakini hata uzembe huo umewekewa kazi. Tunaambiwa kwamba baba aliwahi kumsahau Grace mdogo ndani ya gari lililofungwa, siku ya joto kali. Habari hiyo inapita kama lawama tu kwa mzazi, kumbe ndiyo inayobeba jibu la swali kuu: kwa nini Grace, aliyeng'atwa siku ile ya bembea, hakugeuka?

Shiver inastahili kusomwa na mtu mzima bila kuona haya, na kijana wa sekondari bila kudharauliwa. Atakayevutiwa aendelee na Linger ya mwaka 2010, kisha Forever ya mwaka 2011.